Kama Namanga imewezekana, mitaani kwetu kuna nini?

Ni jambo la kawaida katika miji yetu. Barabara inawekwa lami, wananchi wanashukuru. Haupiti muda, wanakuja watu wa maji wanaikata kupitisha bomba, wanafukia kwa udongo na kuondoka. Mvua ikinyesha, shimo. Ukiuliza, wa barabara atakwambia hakupewa taarifa, wa maji atakwambia kazi yake ni maji. Wote wanalipwa kwa kodi ya mwananchi huyo huyo.

Wapo wanaosema viongozi wamekosa moyo wa ushirikiano. Mimi nasema moyo peke yake hautoshi, na semina za kuhimizana hazitoshi. Tuangalie Namanga. Zamani aliyekwenda Kenya alipanga foleni upande wa Tanzania akagongewa muhuri, kisha akavuka kuanza foleni nyingine. Desemba 2018 Rais Magufuli na Rais Kenyatta walizindua kituo cha huduma kwa pamoja. Anayetoka Tanzania sasa anakwenda moja kwa moja upande wa Kenya, na humo anawakuta maofisa wa nchi zote mbili.

Hapo tunajifunza mambo matatu. Kwanza, ipo sheria. Jumuiya ya Afrika Mashariki ina sheria ya vituo hivi ya mwaka 2016, inayompa ofisa uwezo wa kufanya kazi ng'ambo ya mpaka wake. Hakuna anayesubiri hisani ya mwenzake. Pili, maofisa wako chini ya paa moja. Swali linajibiwa papo hapo badala ya kuandikiana barua. Tatu, hakuna aliyenyang'anywa kazi. Uhamiaji ni uhamiaji, forodha ni forodha. Kilichopangwa ni nani aanze na nani afuate.

Sasa ndugu msomaji, ikiwa nchi mbili zimeweza, idara mbili za mji mmoja zinashindwa nini? Iwekwe kanuni kwamba lami haimwagwi mpaka watu wa maji, umeme na simu wametia saini kuwa wamemaliza ya chini. Atakayekata baada ya hapo airudishe barabara kwa fungu la idara yake. Fungu likiguswa, taarifa zitatolewa mapema.

Nasi tusibaki kulalamika barazani. Mkutano wa mtaa ukiitishwa kutangaza barabara mpya, tuulize swali moja tu: watu wa maji wameshasaini?