Umesoma kwa Kiingereza, Kazi Iko kwa Kijerumani

Mshauri wa wanafunzi wa kigeni nchini Ujerumani anajibu barua zenu.

Shahada yangu ya uzamili inafundishwa kwa Kiingereza kitupu. Mbona waajiri hawanijibu?

Dhana kwamba ukisoma kwa Kiingereza utaajiriwa kwa Kiingereza imenichosha, kwa hiyo leo nitaichambua hadi mwisho. Chuo hufundisha kwa Kiingereza ili kipate wanafunzi kutoka kila pembe ya dunia. Mwajiri hana haja hiyo. Ajira nyingi za uhandisi hazipo kwenye makampuni yale mnayoyajua kwa nembo za magari. Zipo kwenye kampuni za wastani, nyingi zikiwa za kifamilia, katika miji midogo ya Bavaria na Baden-Württemberg. Huko fundi wa zamu, karani wa manunuzi na mteja wote wanaongea Kijerumani. Mashine ikikwama saa nane usiku, nani atakutafsiria? Soma tangazo la kazi hadi chini: kichwa cha habari ni Kiingereza, majukumu ni Kiingereza, kisha mstari wa mwisho unadai Kijerumani cha kiwango cha B2. Mstari huo haukuwekwa kama pambo. Kweli, zipo kampuni za programu za kompyuta Berlin na maabara za utafiti ambako Kiingereza kinatosha, ila nafasi hizo ndizo zinazogombewa na kila asiyejua Kijerumani.

Barua kadhaa zinauliza: nianze lugha nikishafika? Nikizoea? Nikimaliza tasnifu?

Anza kabla ya kupanda ndege. Goethe-Institut, taasisi inayofundisha Kijerumani, ipo Nairobi na Dar es Salaam. Kufika B2 huchukua takriban vipindi 600 hadi 800 vya dakika 45. Miaka miwili ya shahada inavibeba, miezi ya mwisho ya tasnifu haivibebi. Ukishafika, ulizia kozi za chuo chako na zile za Volkshochschule, shule za elimu ya watu wazima, ambazo bei yake ni nafuu.

Wakala ananihakikishia mafunzo kazini bila lugha, nikimlipa kwanza.

Usimlipe hata senti.

Na cheti cha B1 cha kununua?

Swali la kwanza la usaili litakuumbua.

Mafunzo kazini ya lazima na ya hiari yana tofauti?

Kubwa, na wengi huigundua wameshatia saini. Mwanafunzi anayetoka nje ya Umoja wa Ulaya, tangu Machi 2024, anaruhusiwa kufanya kazi siku 140 kamili au nusu siku 280 kwa mwaka. Mafunzo yanayodaiwa na mtaala hayakatwi kwenye siku hizo, lakini mwajiri halazimiki kukulipa kima cha chini cha mshahara. Ya hiari hukatwa, na yakizidi miezi mitatu kima cha chini ni haki yako. Kama lugha bado ni ngumu, omba usaidizi wa utafiti kwa profesa wako: kazi hiyo nayo haikatwi.

Nimehitimu, sina kazi. Nifungashe virago?

Hapana. Omba kibali cha kutafuta kazi, cha hadi miezi 18, kabla kile cha masomo hakijaisha muda. Kinakuruhusu kufanya kazi yoyote kwa sasa, lakini usiimalizie miezi hiyo ghalani ukipanga maboksi na wageni wenzako wasioongea Kijerumani. Tafuta kaunta ya duka la mikate, ambako wateja watakusahihisha kutwa nzima na bado utalipwa.