Kiharusi Kinachoanzia Juu ya Figo

Huenda umewahi kumwona mtu aliyepatwa na kiharusi. Mdomo huenda upande. Mkono na mguu wa upande mmoja hulegea. Maneno hayatoki vizuri. Mshipa wa damu katika ubongo umeziba au umepasuka, na mara nyingi chanzo ni shinikizo la damu.

Je, shinikizo hilo nalo hutoka wapi? Kwa watu wachache sana hutoka juu ya figo.

Juu ya kila figo kuna tezi ndogo, uzito wake kama gramu 5 tu. Tezi hiyo hutoa adrenalini. Ukikutana na nyoka njiani, moyo hupiga mbio na jasho hukutoka. Hiyo ni kazi ya adrenalini. Nyoka akienda zake, mwili hutulia.

Lakini tezi ikiota uvimbe, adrenalini humwagika ovyo, nyoka hayupo. Mtu amekaa kitako anaongea na wenzake. Mara kichwa kinamgonga, jasho linamtiririka, moyo unakwenda mbio, uso unapauka. Baada ya muda hali hiyo hupita. Watu husema ana mashetani. Hana mashetani! Shinikizo la damu limepanda mno, na siku moja anaweza kupooza, hata akiwa kijana.

Mwaka 1886 huko Ujerumani, daktari Felix Fränkel aliandika habari za msichana wa miaka 18 mwenye dalili kama hizo. Msichana huyo alikufa. Alipopasuliwa, tezi zote mbili zilikutwa na uvimbe. Mwaka 1926 daktari César Roux wa Uswisi aliuondoa uvimbe wa namna hiyo, na mgonjwa wake akapona.

Siku hizi hospitali kubwa hupima damu, au mkojo wa siku nzima, kisha hupiga picha ya tumbo. Mgonjwa hutumia kwanza dawa za kuteremsha shinikizo, ndipo apasuliwe. Bila dawa hizo upasuaji ni hatari.

Ukiona dalili za kiharusi, mpeleke mgonjwa hospitali mara moja. Hata dalili zikipita, mpeleke. Kumbuka saa zilipoanza. Usimpe chakula wala maji, asije akapaliwa. Ukifika, mweleze daktari habari za kichwa, jasho na moyo kwenda mbio, maana yeye hakuwepo. Mwambie pia kama yuko ndugu mwenye shida hiyo, kwani ugonjwa huu huweza kurithiwa.