SOMO LA ROBO HII: Seli za Jua za Ufanisi Mkubwa, Je, Zinafaa Muheza?



Kamati inapopanga kuweka umeme wa jua kwenye zahanati, mara nyingi huulizwa: "Kwa nini tusinunue seli zenye ufanisi mkubwa kuliko zote duniani?" Fedha ni za michango, hivyo swali hili linastahili jibu.

Ufanisi ni nini?
Jua kali la mchana huleta takriban wati 1,000 kwenye kila mita ya mraba. Paneli ya kawaida ya silikoni hugeuza kama asilimia 20 kuwa umeme, yaani wati 200. Sehemu ya mwanga hupita bila kunaswa, na nyingine huishia kuwa joto.

Wataalamu wamefanya nini?
Wamepanga tabaka kadhaa za semikondakta nyingine, kama michanganyiko ya galiamu, indiamu na aseniki. Kila tabaka hunasa aina yake ya mwanga, kama chekeche zilizopangwa moja juu ya nyingine. Kwa kuwa malighafi hizi ni ghali, seli hufanywa ndogo sana, na lenzi huikusanyia mwanga. Mwaka 2006 kampuni ya Spectrolab ya Marekani ilifikia asilimia 40.7. Mwaka 2022 taasisi ya Fraunhofer ISE ya Ujerumani ilifikia asilimia 47.6, mwanga ukiwa umezidishwa mara 665.

Kwa nini si kwa Muheza?
Lenzi hukusanya tu mwanga unaotoka jua moja kwa moja. Mtambo huo lazima uwe na mota ya kulifuata jua kutwa nzima. Muheza iko kati ya bahari na milima ya Usambara Mashariki, na mawingu ni mengi, hasa wakati wa masika. Wingu likitanda, mwanga husambaa, na mtambo wa lenzi karibu husimama kabisa. Paneli ya kawaida huendelea kutoa umeme, ingawa kidogo. Kwa jokofu la chanjo, kidogo hicho kina maana kubwa.

Tukumbuke
Ufanisi huokoa nafasi. Paneli za kawaida za wati 1,000 huhitaji kama mita 5 za mraba tu, na paa la zahanati lina zaidi ya hapo. Kinachokwamisha miradi mingi ni betri zilizochoka na kukosa fedha za matengenezo. Aidha, joto hupunguza umeme wa silikoni. Acheni upenyo wa hewa kati ya paneli na bati.

Maswali ya kujadili kwenye kamati
1. Siku za mawingu mfululizo, betri zetu zitalibeba jokofu kwa muda gani?
2. Nani atafuta vumbi na kukagua nyaya?
3. Fedha za kununua betri mpya zinawekwa wapi?

Wafadhili wetu, mnapochangia paneli, tunawaomba mfikirie pia betri na mafunzo ya fundi wa hapa hapa.