Somo la Mwezi: Siku za Kwanza za Ugonjwa wa Mlipuko

Shabaha ya somo: Kila nyumba na kila kikundi kijue la kufanya mapema, ugonjwa mpya unapotangazwa.
Mafungu ya kusoma: Mambo ya Walawi 13:1-6, Hesabu 12:10-15.

UTANGULIZI

Somo la mwezi huu lisomwe katika vikundi vya nyumba kwa nyumba, na kila kikundi kitoke na mpango wake. Sababu ni kwamba korona haikuwa ya mwisho. Septemba 2022 Ebola ya aina ya Sudan ilitangazwa hapa Uganda, na Januari 2025 ikatangazwa tena. Agosti 2024 Shirika la Afya Duniani (OMS) lilitangaza mpox kuwa dharura ya kimataifa, na aina yake mpya ilikuwa imeonekana kwanza Kamituga, kwetu Kivu ya Kusini. Sisi tunaoishi nyumba kando ya nyumba na kuchota maji bomba moja hatuwezi kungoja ugonjwa ubishe hodi ndipo tuanze kufikiri.

1. TUKUMBUKE YALIYOTOKEA MWAKA 2020

Korona ilijulikana kwanza Wuhan, China, mwishoni mwa 2019. Machi 10, 2020 mgonjwa wa kwanza alitangazwa Congo, mjini Kinshasa. Siku ya pili yake OMS ilisema ugonjwa huo sasa ni wa dunia nzima. Kenya ikafuata Machi 13, Rwanda Machi 14, Tanzania Machi 16.

Hapa Uganda, Machi 18 Rais alitangaza kufungwa kwa shule na nyumba za ibada, hata kabla ya mgonjwa wa kwanza kupatikana. Huyo alithibitishwa Machi 21. Mipaka ikafungwa, mabasi na taksi yakasimama, boda zikakatazwa kubeba abiria, na usiku wa Machi 30 ikaja amri ya kutotoka nje kuanzia saa 1 jioni. Pasaka ya Aprili 12 tuliisherehekea majumbani.

Mwezi huohuo wa Aprili, Shirika la Mpango wa Chakula Duniani, lile tulilozoea kuliita PAM, lilipunguza mgao wa wakimbizi wa Uganda kwa asilimia 30 kwa sababu ya uhaba wa fedha. Yaani kila aliyepokea vikombe 10 alibaki na 7. Tazama jinsi mambo yalivyokuja pamoja: ugonjwa, kufungiwa na njaa, yote ndani ya wiki chache. Hii ndiyo tabia ya siku za kwanza, na lazima mpango wetu uyaangalie yote matatu.

2. KILA UGONJWA UNA NJIA YAKE

Wengi wetu tuliotoka Beni, Butembo na Ituri tulikwisha kuonja Ebola. Mlipuko ule ulianza Agosti 2018 na kutangazwa kwisha Juni 25, 2020, baada ya kuua watu zaidi ya 2,200. Kwa hiyo korona ilipokuja, baadhi walisema, "Haya tunayajua." Ni kweli kwamba kunawa mikono tulikujua. Lakini magonjwa haya mawili hayaendi njia moja.

Mwenye Ebola haambukizi wengine kabla hajaanza kuugua, na ugonjwa hupita katika damu, matapishi na majimaji mengine ya mwili, pamoja na mwili wa marehemu. Korona hupita katika pumzi na matone ya mate, na mtu aweza kuwaambukiza wengine siku moja au mbili kabla hajasikia lolote. Basi yule anayeimba vizuri kwaya leo aweza kuwa mgonjwa kesho. Mpox nayo hupita zaidi kwa kugusana ngozi kwa ngozi na vipele.

Hivyo basi, swali la kwanza la kumwuliza mhudumu wa afya, ugonjwa mpya unapotangazwa, ni hili: unapita njia gani? Ukiijua njia utajua pa kuweka mlango. Usiulize kwanza habari za dawa, maana mara nyingi siku za kwanza dawa haipo.

3. MAELEKEZO YAKIBADILIKA, TUSISEME TUMEDANGANYWA

Mwanzoni mwa 2020 OMS haikuwaambia watu wote wavae barakoa. Juni 5 mwaka huohuo ilibadilisha ushauri, ikasema zivaliwe mahali penye watu wengi pasipowezekana kuachana nafasi. Wako waliosema, "Mnaona? Hawajui kitu." Lakini hata mkulima akipata mbegu mpya hujifunza shamba likiendelea kuota. Wanaojifunza husahihisha. Wa kuogopwa ni yule asiyebadilisha neno lake hata mambo yanapoonyesha vingine.

Hapo ndipo uvumi hupata nafasi. Wote twakumbuka maneno yaliyozunguka: kwamba mtu mweusi haupati, kwamba jua letu linauua, kwamba pombe kali inaosha koo. Huko Iran mamia ya watu walikufa mwaka 2020 kwa kunywa pombe yenye sumu wakidhani ni kinga. Tangawizi na limau ni kinywaji kizuri, kunywa bila shaka. Lakini havikuponya korona. Kujifukiza kwa maji yanayochemka hakuui virusi, nako kumewaunguza watoto.

Kabla ya kupeleka habari kwa jirani, jiulize mambo matatu: Nani amesema kwanza? Je, mhudumu wa afya wa kijiji, yule tunayemwita VHT, anaijua habari hiyo? Nani atadhurika kama ni uongo? Ukikosa jibu, funga mdomo. Huko Katwa na Butembo, Februari 2019, vituo vya kutibu Ebola vilishambuliwa na kuchomwa moto, na chuki iliyokuwa imelishwa na uvumi ilikuwamo. Waliodhurika ni ndugu zetu wenyewe.

4. NYUMBANI KATIKA WIKI YA KWANZA

Maji na sabuni. Kipimo kinachotakiwa kambini ni lita 20 kwa mtu kwa siku, yaani jerikani moja, nasi twajua kwamba siku nyingi hayafiki. Kwa hiyo tengeneza kibuyu chirizi: dumu dogo lenye tundu, limefungwa kamba na kijiti cha kukanyaga. Linatoa maji kidogo kidogo, na hakuna mkono unaoligusa. Sabuni ya kawaida ya kufulia yatosha. Huyeyusha ganda la mafuta linalofunika virusi vya korona. Sugua kwa sekunde 20. Sabuni ikiisha, majivu safi na maji ni afadhali kuliko maji matupu.

Hewa. Kwa ugonjwa wa pumzi, fungua dirisha na mlango mchana. Kupikia, kuzungumza na kupokea wageni kufanyike nje chini ya mti. Nyumba zetu ni ndogo, lakini uwanja upo.

Mgonjwa. Ambaye hana chumba cha pili atenge pembe kwa kitenge au turubai, karibu na dirisha. Wengine walale vichwa vyao vikielekea upande wa mbali naye. Mtu mmoja tu amhudumie, mwenye nguvu na asiye mzee. Kikombe na sahani yake viwe mbali. Apewe maji na uji mara kwa mara. Lakini Ebola ikishukiwa, asihudumiwe nyumbani: usimguse, mwite VHT mara moja.

Dalili za hatari katika ugonjwa wa pumzi ni kupumua kwa shida, maumivu ya kifua yasiyoacha, kuchanganyikiwa, na midomo kugeuka rangi. Hapo usingoje asubuhi wala maombi ya usiku kucha. Omba mkiwa njiani kwenda kituo cha afya.

5. MAGONJWA MENGINE HAYAPUMZIKI

Hili husahauliwa sana. Wakati macho yote ya Congo yalikuwa juu ya Ebola, surua iliua watu zaidi ya 6,000 nchini humo tangu mwanzo wa 2019 hadi Januari 2020, wengi wao watoto wadogo. Iliwazidi waliouawa na Ebola, na ni ugonjwa wenye chanjo. Hivyo mlipuko ukija, chanjo za watoto ziendelee. Wenye dawa za kila siku, za kifua kikuu, za virusi vya UKIMWI, za sukari au za presha, waulize mapema kama waweza kupewa za miezi miwili au mitatu. Homa ya mtoto yaweza kuwa malaria: apimwe.

Wajawazito waliteseka sana usafiri ulipofungwa, wakitakiwa kutafuta kibali kabla ya kwenda kujifungua, mpaka serikali ilipowaruhusu Aprili 2020 kusafiri bila kibali. Basi kila kikundi kiwajue wajawazito wake na miezi yao, na kijue nani ana pikipiki au machela.

Na tuwaangalie watoto wa shule. Shule za Uganda zilifunguliwa kwa ukamilifu Januari 10, 2022 tu, karibu miaka miwili baadaye. Wasichana wengi walipata mimba au kuozwa katika muda ule. Wazazi, shule ikifungwa usimwache binti azurure kutafuta pesa ya sabuni. Kikundi kimtafutie sabuni, na kimpe kazi ya kusomesha wadogo.

6. KUTENGWA SI KUTUPWA

Someni Hesabu 12. Miriamu alikaa nje ya kambi siku 7. Kisa chake kina sababu yake, na tusikitumie kusema kwamba kila mgonjwa ameadhibiwa. Tuangalie walichofanya wengine: kambi nzima haikusafiri mpaka aliporudishwa. Walimtenga mwili, lakini safari ilimngoja. Na katika Walawi 13 kuhani hamfungii mtu na kumsahau. Anarudi siku ya 7 kumtazama.

Mwaka 2020 wako waliokataa kumwuzia chumvi mtu aliyetoka karantini, na wako waliowanyoshea vidole wageni waliofika kutoka Congo. Matokeo yake wagonjwa walijificha, na ugonjwa uliofichwa huenea zaidi. Anayetengwa anahitaji mtu wa kuacha chakula mlangoni, kuita jina lake kwa mbali, kuchota maji yake na kupalilia shamba lake. Kazi hiyo ni ibada, hata kanisa likiwa limefungwa. Mungu alitusikia nyumbani Pasaka ile, naye hakupungukiwa kitu.

MASWALI YA KUJADILI

1. Katika kikundi chetu, nani anaishi peke yake, nani ni mzee, na nani ana mimba?
2. Mgao ukipungua tena, ni nini twaweza kupanda karibu na nyumba kikakomaa upesi? Fikirini mchicha, lengalenga, sombe na majani ya maboga.
3. Mchungaji na VHT wakisema tofauti juu ya ugonjwa, tutafanya nini? Tuwakutanishe lini, kabla hilo halijatokea?
4. Msiba ukitokea na mazishi yakawa ya watu wachache, tutawafarijije waliobaki?

KAZI YA MWEZI

Kila kikundi kitengeneze vibuyu chirizi 2, kiandike majina ya wanaohitaji msaada wa kwanza, na kichague watu 2 wa kwenda kwa VHT kupata habari za kweli. Orodha ipelekwe kwa mashemasi Jumapili ya mwisho wa mwezi. Mashemasi wataitunza kwa siri, maana ugonjwa wa mtu si habari ya bombani.

Neema ya Bwana iwe nanyi nyote.