Breki za Diski za Waya: Rekebisha Padi Kwanza, Waya Baadaye

Somo letu la ufundi katika toleo hili linahusu breki za diski zinazovutwa kwa waya, hasa kwenye baiskeli za resi, yaani zile zenye usukani uliopinda chini kama pembe za kondoo. Breki za diski ziliruhusiwa katika mashindano ya barabarani moja kwa moja mwaka 2018, na baiskeli za namna hii zimeongezeka tangu wakati huo. Ukipata moja, hata ya mitumba, ni vema ujue kuitunza.

Kwa nini somo hili ni muhimu?

Chukua mfano wa barabara ya kutoka Lushoto kwenda Mombo. Inashuka takriban mita 1,000. Mtu, baiskeli na mzigo vyenye jumla ya kilo 90 vikishuka hapo, nguvu inayotakiwa kuzuiwa ingetosha kuchemsha zaidi ya lita 2 za maji. Sehemu ya nguvu hiyo huchukuliwa na upepo, lakini iliyobaki hugeuka kuwa joto kwenye diski na padi. Padi hulika safarini, tena huku unashuka.

Breki ikianza kulegea, wengi hukaza waya na kuendelea na safari. Hapo ndipo hatari inapoanza. Kwenye kalipa kuna mkono mdogo unaovutwa na waya ili kusukuma padi. Mkono huo una kikomo chake. Ukifidia padi zilizolika kwa kukaza waya, mkono unaanza kazi ukiwa tayari umetumia sehemu ya safari yake. Kishikio kitakuwa kigumu mkononi, nawe utadhani breki ni nzima. Padi zikilika zaidi, mkono utagonga mwisho, na hata ukivuta kwa nguvu zako zote breki haitabana.

Kanuni ya kukumbuka ni hii: padi zilizolika husogezwa kwenye kalipa. Waya hukazwa kwa ajili ya kuondoa ulegevu wa waya tu.

Vifaa

• Spana za aleni (zenye umbo la L). Nati ya kubana waya mara nyingi huhitaji ya milimita 5.
• Plaizi.
• Kitambaa safi kisicho na mafuta.

Hatua za kufuata

1. Toa gurudumu, kagua padi. Sehemu inayosugua ikibaki chini ya milimita 1, weka padi mpya. Waya wenye nyuzi zilizokatika usirekebishwe, ubadilishwe.

2. Rudisha gurudumu na uhakikishe limekaa sawa. Zungusha ajasta ya waya iingie mpaka mwisho, kisha itoe mzunguko mmoja. Legeza nati inayobana waya. Mkono wa kalipa urudi mpaka mwisho wake wa kupumzika.

3. Sogeza padi kwa kutumia skrubu zake kwenye kalipa. Kalipa nyingine husogeza padi moja tu. Katika hizo, ile isiyosogea iwe karibu sana na diski bila kuigusa, kwa sababu padi ya pili huisukuma diski kuelekea kwake. Kalipa zinazosogeza padi zote mbili, weka nafasi sawa pande zote.

4. Vuta waya kwa plaizi kuondoa ulegevu, kisha kaza nati. Angalia mkono wa kalipa usinyanyuke hata kidogo.

5. Bana kishikio kwa nguvu mara kumi. Waya utalegea kidogo. Watu husema waya umerefuka, lakini mara nyingi ni ganda lake linalokaa vizuri kwenye ncha zake. Baiskeli ya resi huwa na ganda lenye kona chini ya utepe wa usukani, hivyo jambo hili huonekana zaidi. Toa ajasta kidogo kidogo kuondoa ulegevu huo. Baada ya siku chache, kagua tena.

6. Jaribu. Gurudumu lizunguke bila kusugua. Shika usukani sehemu ya chini uvute kishikio: breki ibane kabla kishikio hakijakaribia usukani. Sukuma baiskeli kwa miguu ukifunga breki, kisha iendeshe polepole mahali tambarare. Usiijaribu kwanza mlimani.

Kama bado haikamati

Kalipa na kishikio lazima vilingane. Vishikio vya resi huvuta waya mfupi kuliko vishikio vingi vya baiskeli za milimani. Kalipa ya milimani ikifungwa kwenye kishikio cha resi, kishikio hufika kwenye usukani kabla breki haijabana vizuri. Hakuna ukazaji wa waya utakaoponya hilo, badilisha kifaa.

Zingatia

• Usipake mafuta wala grisi karibu na diski. Padi zikishalowa mafuta huteleza.
• Usiguse diski mara baada ya kushuka mlima, itakuunguza.
• Padi mpya zizoeshwe: funga breki polepole mara 20 hivi ukiwa tambarare, kabla ya kushuka mlima.

Maswali ya kujadili katika kikundi

1. Kwa nini kishikio kigumu si uthibitisho kwamba breki ni nzima?
2. Kagua baiskeli moja ya kikundi. Je, mkono wa kalipa unarudi mpaka mwisho unapoachia kishikio?
3. Nani kati yenu atakagua breki kabla mwenzenu hajashuka na mzigo?