Kumtambua Mtikisa-Mkia Manjano: Somo kwa Watumishi wa Serikali na Wananchi

Inafahamishwa kwa watumishi wa Serikali na wananchi wote kwamba ndege mdogo wa manjano anayeonekana akikimbia katika majani mafupi ya Kawe na vitongoji jirani, kuanzia mwezi Oktoba hadi Aprili, si mkazi wa kudumu wa Tanzania. Ni mgeni wa msimu, aliyeanguliwa Ulaya au Asia na kuja huku kukimbia baridi. Wataalamu humwita Motacilla flava, jina alilopewa na Linnaeus mwaka 1758. Katika somo hili ataitwa mtikisa-mkia manjano, kwa kuwa kila anaposimama huchezesha mkia wake juu na chini. Ndege hao huonekana pia Unguja na Pemba. Hivyo basi yaelezwayo hapa yanawahusu wakazi wa pande zote mbili za mkondo.

Spishi hii ni moja, lakini imegawanyika katika nususpishi kadhaa. Nususpishi ni kundi la ndege wa spishi moja lenye eneo lake la kuzaliana na alama zake, ambalo hata hivyo laweza kuchanganya damu na kundi jirani pale mipaka yao inapokutana. Kwa ndege huyu alama hizo ziko kichwani mwa dume. Kutokana na hali hiyo, wanaotunza daftari za ndege hupata tamaa ya kuandika jina la nususpishi kwa kila kichwa wanachokiona. Tamaa hiyo ndiyo iliyolazimu somo hili kuandikwa.

Kabla ya nususpishi, sharti spishi yenyewe itambuliwe. Mtikisa-mkia manjano ana urefu wa sentimita 16 hivi, na uzito wake kwa kawaida haufiki gramu 25. Mgongo ni wa kijani kibichi kilichofifia, tumbo ni la manjano, na mkia ni mrefu, mweusi, wenye kingo nyeupe. Asichanganywe na nduguye mweusi na mweupe, Motacilla aguimp, ambaye ni mwenyeji wa mwaka mzima na hutembea bila woga juu ya mapaa na katika nyua za ofisi. Wala asichanganywe na Macronyx croceus wa mbugani, ambaye kifua chake ni cha manjano lakini amevaa kidani cheusi shingoni, na mwili wake ni mnene zaidi.

Mahali pa kumtafuta ni penye majani mafupi, unyevu na wadudu. Kawe ilipata kuwa na kiwanda cha nyama cha Tanganyika Packers, ambacho kimekwisha kufungwa. Ng'ombe waliletwa hapo kwa machinjo, na ndege huyu hufuata ng'ombe popote walipo kwa kuwa kwato zao hufurusha wadudu. Leo inafaa kuangalia viwanja vilivyobaki kabla havijajengwa, kingo za Mto Mlalakuwa, na mashamba ya chumvi ya Kunduchi. Wananchi wanakumbushwa kwamba Lugalo ni eneo la jeshi. Darubini isielekezwe huko, hata kama ndege ametua upande wa pili wa uzio.

Sasa kuhusu vichwa. Dume wa nususpishi flava, anayezaliana Ulaya ya kati hadi karibu na milima ya Ural, ana utosi na mashavu ya kijivu cha samawati, na juu ya jicho ana nyusi nyeupe iliyo wazi. Dume wa thunbergi, wa Skandinavia na kaskazini mwa Urusi, ana utosi wa kijivu kilichokolea na mashavu yanayokaribia weusi, na kwa kawaida hana nyusi kabisa. Dume wa lutea, wa bonde la chini la Mto Volga na kaskazini mwa Kazakhstan, kichwa chake ni cha manjano, pengine chenye ukijani kidogo utosini. Hao watatu ndio wa kutazamiwa zaidi katika Tanzania. Yuko pia beema, anayefanana na flava lakini kichwa chake ni cheupe zaidi, nyusi yake ni pana, na shavuni ana weupe chini ya jicho. Feldegg, wa nchi za Balkani, Uturuki na Iran, ana kichwa cheusi tii. Huyo majira ya baridi hukaa zaidi kaskazini mwa Tanzania, na anayedai kumwona Kawe anatakiwa awe na picha.

Ugumu uko hapa. Flava akizaa na nususpishi ya kichwa cha manjano huko Ulaya magharibi, watoto waweza kutoka na sura ya beema ilhali beema hawamo kabisa katika ukoo wao. Kwa hiyo hata dume safi, aliyesimama mita 10 katika mwanga mzuri, pengine hana jina moja la hakika.

Aidha, dume huyo safi haonekani kwa muda mrefu. Wanapofika mwezi Oktoba madume wengi wamevaa manyoya yaliyofifia, na makinda yana rangi ya kahawia na malai. Ni hapa hapa Afrika, hasa kati ya Januari na Machi, ndipo manyoya ya kichwa na mwili yanapobadilishwa. Nyusi nyeupe itakayotazamwa Ujerumani mwezi Mei imeoteshwa kwa nzi na panzi wa Afrika. Jambo hili halisemwi mara nyingi, nalo linastahili kusemwa, maana kiwanja cha majani kikifukiwa huku, hasara hufika hadi kule.

Muda wa kuondoka nao una mafunzo. Kai Curry-Lindahl, mtaalamu wa Sweden aliyewachunguza ndege hawa katika eneo la Kivu, mashariki mwa Kongo, alieleza mwaka 1963 kwamba nususpishi zinazokula pamoja katika uwanja mmoja haziondoki pamoja. Wanaozaliana kusini hunenepa na kuondoka mapema. Wa kaskazini ya mbali hungoja, kwa kuwa kwao theluji haijayeyuka. Hivyo, anayebaki Kawe masika yakiwa yamekolea, mwishoni mwa Aprili, yaelekea kuwa thunbergi. Lakini kuelekea si ushahidi, na tarehe peke yake haitoshi kuandika jina.

Kosa lenye madhara makubwa kuliko yote linahusu kichwa cha manjano. Vitabu vingi vya ndege vinavyopatikana mijini viliandikwa kwa ajili ya Uingereza, na ndani yake ndege mwenye kichwa hicho ni flavissima. Msomaji wa Kawe humwona lutea, hufungua kitabu, huandika flavissima. Ukweli ni kwamba flavissima huzaliana Uingereza na pwani zinazopakana nayo, kisha huenda Afrika ya Magharibi. Ndege hao wamepungua sana, na mwaka 2009 spishi hii iliingizwa katika orodha nyekundu ya ndege wa Uingereza. Wanaotafuta sababu wanahitaji kujua wanakokaa miezi ya baridi. Mstari mmoja wa uongo kutoka Dar es Salaam huwaelekeza pwani isiyo yao, na papo hapo humfuta lutea, ambaye nchi yake ya baridi ndiyo hii.

Kwa mintarafu hiyo, mwenye kutunza daftari aandike tarehe, mahali, idadi, na kama palikuwa na ng'ombe. Kichwa kielezwe kwa maneno ya kawaida: rangi ya utosi, rangi ya mashavu, nyusi ipo au haipo, koo ni jeupe au la manjano. Jina la nususpishi liandikwe kwa dume aliyekamilika rangi tu, tena baada ya maelezo hayo, si badala yake. Majike na makinda yaandikwe Motacilla flava, basi. Ndege asipigwe manati wala kunaswa ili atazamwe vizuri; Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori Na. 5 ya mwaka 2009 inakataza kukamata au kuua wanyamapori, ndege wakiwemo, bila kibali.

Mtumishi atakayemwona tarehe 20 Oktoba ndege wa aina hii mwenye kichwa cha kahawia kando ya Mlalakuwa, safu ya nususpishi ataiacha wazi, na daftari lake litakuwa limejazwa sawasawa.