Feni ya intakula haizunguki

Swali: Pikapu yangu ya dizeli nimeifungia intakula ya kununua yenye feni. Kutoka Malindi hadi Garsen inavuta vizuri, lakini nikiingia njia za vumbi inakosa nguvu, na feni haizunguki. Nianzie wapi?
Msomaji, Garsen

Jibu: Kwenye lami, mwendo wa gari wenyewe huleta upepo wa kutosha. Ukienda polepole ndipo feni inapohitajika.

Anza na fyuzi. Ikiwa imeungua, usiweke kubwa zaidi, kwani waya ndio utakaoungua. Kisha zima injini ipoe, chomoa plagi ya feni, uipe umeme wa betri kwa waya wenye fyuzi. Ikizunguka, mota ni nzima: kagua rilei, swichi ya joto na waya wa hasi, ambao kutu huupunguzia mshiko kwenye bodi. Isipozunguka, mota imeungua au imekwama kwa vumbi.

Kagua pia upande wa upepo kwa kipande cha karatasi. Nyaya zikigeuzwa, feni huzunguka kinyume na kupoza kidogo mno.

Feni ikiwa sawa na nguvu bado hamna, tafuta mpira wa hewa ya turbo uliopasuka au klipu iliyolegea.